Kujificha au Kufunikwa? Uhakiki wa Vigezo vya Mawasiliano ya Kijamii ya Wasichana Wenye Usonji katika Kiswahili cha Chinsapo na Dzaleka

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna hoja kuhusu tofauti za kijinsi katika mawasiliano ya kijamii ya watoto wenye usonji zinavyohamishwa kutoka tafiti za Ulaya na Marekani hadi kwenye tathmini zinazofanywa kwa Kiswahili miongoni mwa familia za wakimbizi nchini Malawi. Inadaiwa hapa kwamba vigezo vya kutazamana, kubadili nafsi, msamiati wa hisia na kupata marafiki vimebeba mazoea ya lugha na jamii vilikotoka, na kwamba vikitafsiriwa neno kwa neno humpoteza msichana kwanza. Makala yanapinga pia istilahi za "kujifanya" na "kujificha" zinazoanza kuzoeleka, na kupendekeza "kufunikwa".

1. Swali moja na tafsiri yake

Mwaka 2016, Kundi la Washington linaloshughulikia takwimu za ulemavu na UNICEF walitoa moduli ya maswali kuhusu utendaji wa mtoto. Moduli hiyo ilifanya jambo jema: iliondoa kwenye hojaji majina ya magonjwa na ulemavu, ikauliza mtoto anafanya nini na anashindwa nini. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, mzazi huulizwa, miongoni mwa mengine, iwapo mtoto hupata ugumu wa kueleweka anapozungumza na watu wa nyumbani na wa nje, iwapo hupata ugumu wa kukubali mabadiliko, na iwapo hupata ugumu wa kupata marafiki. Kwa mshauri wa sera haya ni maswali mepesi, ya bei nafuu, yanayoweza kuulizwa na mdadisi asiye daktari. Kwa mtafiti wa lugha kila moja ni mtego.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikisaidia kutafsiri maswali ya aina hii kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili huko Chinsapo, kitongoji kikubwa cha Lilongwe kilichokua bila ramani ya mipango miji, swali la marafiki nililiandika hivi: "Je, mtoto wako ana marafiki?" Lilikuwa fupi na lilisomeka vizuri. Mama mmoja kutoka Kivu alinijibu bila kusita, kwa Kiswahili cha kwao: "Eko na barafiki bengi." Kila asubuhi walipita kumchukua bintiye mwenye umri wa miaka minane. Nikaweka alama ya "hakuna ugumu". Tulipokuwa tukiagana nilimwuliza, kwa udadisi tu, binti hufanya nini akiwa na wenzake. Alisema humshika mtoto. Wenzake wakiruka kamba au wakicheza fulaye, yeye hukaa pembeni na mdogo wa mmoja wao mgongoni, na amefanya hivyo kwa muda mrefu. Miezi kadhaa baadaye nilisikia kwamba mtoto yule alikuwa ameanza kutembea mwenyewe, na wale rafiki walikuwa wameacha kupita.

Mama hakudanganya. Swali langu liliuliza kuhusu kuwa na watu, naye alijibu kuhusu kuwa na watu. Nilikuwa nimeondoa neno "ugumu" kwa sababu lilinikwaza kisarufi, na kwa kuliondoa nikaondoa jambo lenyewe lililokuwa likitafutwa. Hata hivyo, siamini kwamba kulirudisha neno hilo kungetosha, na sehemu kubwa ya makala haya inaeleza kwa nini.

2. Dhana ilikotoka

Watoto 11 walioelezwa na Leo Kanner mwaka 1943 walikuwa wavulana 8 na wasichana 3. Hans Asperger, mwaka uliofuata, alieleza wavulana wanne. Vigezo vilivyojengwa baadaye vilijengwa juu ya watoto waliokwisha kutambuliwa, na watoto waliokwisha kutambuliwa walikuwa wavulana zaidi. Ndivyo uwiano wa wavulana wanne kwa msichana mmoja ulivyorudiwa hadi ukaonekana kama sheria ya maumbile. Uchambuzi wa Loomes, Hull na Mandy wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba pale watafiti wanapowatafuta watoto katika jamii nzima, badala ya kuwahesabu waliokwisha kufikishwa hospitalini, uwiano hushuka hadi karibu watatu kwa mmoja. Kabla yao, Dworzynski na wenzake (2012) walikuwa wameonyesha kwamba msichana mwenye dalili nyingi sawa na za mvulana huhitaji kuwa na matatizo mengine ya ziada, ya tabia au ya akili, ndipo apewe utambuzi.

Tafiti zilizofuata ziligeukia mawasiliano yenyewe. Dean, Harwood na Kasari (2017) waliwatazama watoto wakati wa mapumziko shuleni. Mvulana mwenye usonji alionekana upesi kwa sababu wavulana wengine walikuwa kwenye mchezo wenye kanuni naye alikuwa peke yake. Msichana mwenye usonji alikaa karibu na wenzake, akiingia na kutoka katika shughuli zao, na kwa mwalimu aliyesimama mbali alionekana yumo. Rynkiewicz na wenzake (2016), nchini Poland, waliona wasichana wakitumia ishara za mikono kwa uchangamfu zaidi kuliko wavulana. Parish-Morris na wenzake (2017) walichunguza vijazio vya usemi na kukuta kwamba wasichana wenye usonji huvitumia kwa namna iliyo karibu na ya wasichana wengine. Kauschke na wenzake (2016), kwa Kijerumani, waliona kwamba wasichana husimulia hadithi kwa maneno mengi zaidi ya hali za ndani kuliko wavulana wenye usonji.

Ni kazi nzuri, na sina nia ya kuzibeza. Ninachohoji ni safari yake. Barani Afrika, tangu Lotter alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1978, juhudi za kupima usonji zimekuwa chache na za kishujaa. Kampala, Kakooza-Mwesige na wenzake walipanua hojaji ya maswali kumi hadi 23. Tanzania, Harrison, Manji na wenzao (2014) walitetea tathmini inayotegemea kumtazama mtoto kuliko kumhoji mzazi. Malawi yenyewe ina zana inayostahili sifa zaidi ya inayopewa: kipimo cha makuzi cha MDAT, kilichochapishwa na Gladstone na wenzake mwaka 2010 baada ya kupimwa kwa zaidi ya watoto 1,400 wa vijijini. Waandaaji wake waliondoa vipengele ambavyo mtoto wa kijijini hakuwa na sababu ya kuvijua, wakaweka vya kwao. Lakini MDAT haikuundwa kutambua usonji, na hukomea kwenye umri wa miaka sita hivi, kabla tu ya umri ambao tofauti hizi huanza kuonekana kwenye mchezo wa wasichana.

3. Vigezo vinapovuka mpaka wa lugha

Tuanze na nafsi. Kanner aliona kwamba watoto wake walibadilisha nafsi: mtoto alijitaja kwa "wewe". Katika lugha yenye viwakilishi vinavyosimama peke yake, kosa hilo hulia kama kengele. Katika Kiswahili, nafsi imefungwa ndani ya kitenzi. Mtoto anayetaka maji na kusema "unataka maji" anaweza kuwa anarudia swali aliloulizwa jana. Kwa Kiswahili cha familia za Kongo, "unataka mayi". Msikilizaji asiyejua historia ya sentensi ile atasikia swali, na swali la namna hiyo ni ukarimu. Nimeshuhudia mgeni akipokea kikombe na kumsifu binti kwa kumkaribisha. Kaka yake angesema vilevile, watu wangecheka kwamba amekosea. Jambo lenyewe la kiisimu ni moja. Linalotofautiana ni matarajio ya aliye mbele yake, na hapo ndipo jinsi na jinsia vinapoachana. Tofauti inayoandikwa kwenye fomu kuwa ya mtoto ni ya msikilizaji.

Kutazamana nako kunasumbua. Katika mila ya Wachewa, msichana hupiga magoti anapomsalimu au kumhudumia mkubwa, macho chini. Familia nyingi za Kongo, Burundi na Rwanda zilizoko Dzaleka hazishangazwi na hilo. Mtathmini mgeni atahesabu kila msichana mwenye adabu kuwa na dosari, na mtathmini mwenyeji, akijua hilo, atasamehe kila msichana. Msamaha wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana huonekana kama ujuzi wa utamaduni. Adabu ya macho ina mipaka: humwinamia mkubwa na huinuka mbele ya rika. Tena haina uhusiano na lile tendo la mtoto kuonyesha kitu kwa kidole, ndege au gari, kisha kugeuka kumtazama mama kuona kama naye ameona. Hakuna mila ninayoijua katika eneo hili inayomkataza msichana mdogo kufanya hivyo. Kigezo hicho kinavuka mpaka salama, lakini mara nyingi hakipewi nafasi kwa sababu huhitaji muda na mahali ambapo mtoto amezoea.

Ama vijazio vya usemi, sioni faida ya kuvihamisha kwa sasa. Kabla ya kusema kwamba msichana mwenye usonji hutumia "yaani" au "nanii" kama wenzake, ni lazima kwanza tujue wenzake huvitumiaje, kwa jinsi, kwa umri na kwa lahaja. Na katika nyumba ambamo Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi na Chichewa hupokezana ndani ya sentensi moja, kijazio huenda kikatoka lugha tofauti na sentensi yake.

Msamiati wa hali za ndani unastahili kukaliwa zaidi. Mchambuzi anayehesabu vitenzi kama "fikiri", "jua", "taka" na "ogopa" katika hadithi ya mtoto wa Dzaleka atapata vichache, na atadhani mtoto hana habari na nyoyo za wengine. Kiswahili huziweka hisia mwilini: moyo umemwuma, amekunja uso, amenuna, anasikia haya, anasikia njaa. Kitenzi "sikia" peke yake kinabeba kazi ambayo Kijerumani au Kiingereza hukigawia orodha nzima. Orodha ya hesabu lazima iundwe upya, wala si kwa kamusi, bali kwa hadithi za watoto wenyewe.

Halafu kuna "pole". Sijui neno linalomwokoa na kumponza msichana wa Kiswahili kama hili. Hufundishwa mapema, na wasichana hufundishwa kwa mkazo zaidi. Hutamkwa kwa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyebeba mzigo, aliyechoka kwa kazi, aliyekohoa. Chichewa kina "pepani", chenye kazi inayokaribiana, hivyo binti wa Chinsapo ana maneno mawili ya kuonyesha huruma kwa gharama ya silabi chache. Nimesoma maelezo ya tathmini yaliyoandikwa "anaonyesha huruma" kwa sababu mtoto alisema pole mtathmini alipoangusha kalamu. Lugha yenyewe imeruhusu hivyo. Neno likikubalika katika kila hali, kulitamka hakutuambii lolote kuhusu anayelitamka. Kinachotenganisha ni kinachofuata baada ya pole: je, anasogea? Anauliza imekuwaje? Anampa aliyefiwa pole ile ile aliyompa aliyekohoa, kwa sauti ile ile, kisha anaendelea kupanga vizibo vya soda? Hapa isimu inaweza kumsaidia mtathmini kuliko hojaji yoyote, kwa sababu fomula ya lugha ina zamu zake, na kuvunjika kwa mawasiliano huonekana pale zamu za fomula zinapokwisha. Salamu ya Chichewa, "Muli bwanji?", hujibiwa na kurudishwa, na imekamilika. Msichana niliyemtaja aliimaliza bila dosari. Zamu ya nne, ile isiyofundishwa na mtu, haikuja.

4. Kujifanya, kujificha, kufunikwa

Katika maandishi ya kimataifa, hali hii hupewa jina la kijeshi, la askari anayejipaka rangi ya majani asionekane porini. Hull na wenzake waliitengenezea dodoso mwaka 2019, linalojibiwa na watu wazima kuhusu nafsi zao. Wafasiri wetu wameanza kusema "kujifanya" au "kujificha". Istilahi zote mbili zina kasoro, na kasoro hiyo si ya urembo wa lugha.

"Kujifanya" katika Kiswahili ni lawama. Anayejifanya mgonjwa ni mwongo. Anayejifanya mwema ni mnafiki. Ukimwambia baba katika Dzaleka kwamba binti yake anajifanya kuwasiliana, umempa sababu ya kumchapa. "Kujificha" ni nafuu, lakini bado kuna kirejeshi "-ji-", na kirejeshi kinadai mtendaji mwenye kusudi. Mtu mzima wa London anayejibu dodoso anaweza kueleza jinsi alivyofanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo. Binti wa miaka saba aliyefundishwa kupiga magoti, kusema pole, kujibu ndiyo na kumbeba mtoto wa jirani hakuchagua vazi lolote. Alivalishwa. Ndiyo maana napendekeza "kufunikwa": kauli ya kutendwa, inayotulazimisha kuuliza amefunikwa na nini, na nani.

Na katika mazingira haya mafuniko ni mengi. Jinsia ni moja. Uhamiaji ni lingine. Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda kabla ya kufunguliwa kuwa kambi mwaka 1994. Lilikusudiwa kuhifadhi watu wasiozidi 12,000 hivi. Leo lina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mtoto aliyetoka huko akawa kimya katika darasa la Chinsapo, mwalimu husema hajui Chichewa. Akiwa kimya kambini, jirani husema ameona mengi njiani. Maelezo yote mawili huwa ya kweli kwa watoto wengi, na kwa hiyo hakuna anayeyachunguza kwa huyu mmoja. Mvulana asiyesema hupewa maelezo hayo kwa muda. Siku akipiga wenzake au akikimbilia barabarani, anatafutiwa mtu wa kumwona. Msichana hukaa ndani ya maelezo hayo miaka.

Pingamizi moja lazima lijibiwe, nami nimelisikia kutoka kwa wafanyakazi wa afya wenye busara. Husema: tukimtambua, tutampa nini? Huduma ni chache, wataalamu wa tiba ya usemi ni wa kuhesabika, na jina lina gharama. Katika jamii ambazo mtoto wa ajabu aliwahi kuitwa mchawi, ni afadhali aitwe mpole. Nakiri uzito wa hoja hii. Sipendekezi kampeni ya kuwabandika wasichana wapole majina. Lakini anayesema hivyo anachukulia kwamba kufunikwa ni salama, na hapo tunatofautiana.

Msichana ambaye mawasiliano yake yamejengwa kwa fomula ana jibu moja lililokomaa kuliko yote, nalo ni "ndiyo". Humfaa kwa mwalimu, kwa shangazi, kwa mama muuza nyanya. Litamfaaje kwa mwanamume anayemwita nyuma ya duka? Malawi ilibadili katiba mwaka 2017 ili ndoa isiruhusiwe chini ya miaka 18, na ulinzi huo hutegemea mtoto kuweza kusema kilichotokea. Katika mahojiano ya ulinzi wa mtoto, maswali huwa ya ndiyo na hapana, kwa sababu yanadhaniwa kuwa mepesi. Kwake ni mabaya kuliko yote. Atakubali alichofanyiwa na asichofanyiwa kwa sauti ile ile, na faili litafungwa kwa kukosa ushahidi wa kuaminika.

Mei 2023, polisi walipoanza kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwarudisha Dzaleka kwa mujibu wa sera ya serikali ya kuwaweka kambini, familia zilihama kwa siku chache au kwa saa chache. Kwa mtoto ambaye urafiki wake ulikuwa njia fulani, mlango fulani na mgongo wenye mtoto fulani, kilichohama si nyumba tu. Sijaona fomu ya usajili yenye nafasi ya kuandika kwamba mtoto huyu alikuwa akizungumza Chinsapo na sasa hazungumzi. Kuna nafasi ya kuandika "hazungumzi".

5. Maswali yaliyosahihishwa

Moduli ya Kundi la Washington haina budi kubaki, kwa kuwa takwimu zinazolinganishika zina thamani yake. Lakini Kiswahili chake kinahitaji kuandikwa upya na kujaribiwa kwa lahaja za Kivu na Katanga, na swali la marafiki linahitaji maswali madogo ya kulisindikiza. Tunayoyajaribu sasa, bila kuyapa jina la kipimo, ni haya: Akiwa na wenzake, nani humfuata nani? Katika mchezo, huwa anashika nafasi gani, na je, hubadilisha? Rafiki yake asipokuja, humwulizia? Wakikosana, hufanya nini? Majibu huandikwa kwa maneno ya mzazi, kwa lugha aliyoyasema, si kwa alama ya ndiyo au hapana, na mdadisi huandika mtoto huzungumza lugha gani na nani.

Swali la nne ndilo lililozaa matunda mapema. Nilipomrudia yule mama wa Kivu na kumwuliza binti yake hufanya nini akikosana na wenzake, alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri mara ya kwanza. Kisha akasema hajawahi kukosana na mtu.